Ukili wa Ukingoni

Mwezi uliopita nilirudi Matondoni, kijiji cha pwani, na kabla sijamwona mtu yeyote wa kunisalimu nilikutana na harufu ya miyaa mibichi, yale majani ya mkoma, iliyoanikwa juu ya ukuta. Miguu ikasimama yenyewe. Wewe msomaji nawe una harufu yako, najua, ile inayokurudisha utotoni bila kukuomba ruhusa.

Mama yangu alikuwa muuguzi wa serikali, mzaliwa wa Ukambani, na maisha yetu yalikuwa ya uhamisho. Nakuru waliniita Mkamba. Garissa nikawa mtu wa bara. Nikienda likizo kwetu, binamu zangu wananiita Mswahili. Tulipohamia Matondoni nilikuwa darasa la tano, na nilikuwa nimechoka kabisa kuwa mgeni.

Mchana, vyombo vya wali wa nazi vikishaoshwa, wasichana wa mtaa walikusanyika uani kwa bibi jirani kusuka ukili, ule utepe mrefu wa miyaa unaoshonwa na wenzake ubavu kwa ubavu mpaka uwe mkeka. Mwaka ule binti yake alikuwa anaolewa, na kila msichana wa mtaa alitakiwa kutia mkono katika mkeka wa bibi harusi. Nilitaka ukili wangu uwemo kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Siku ya kwanza nilifanya kama nyanya yangu alivyonifundisha kusokota mkonge wa vyondo, vile vikapu vya kwetu. Nikapandisha gauni, nikaanza kusokota miyaa juu ya paja. Uani kukawa kicheko kitupu.

"Mwana wa daktari ataka kufunga mbuzi," alisema mmoja wao; kwao hata muuguzi alikuwa daktari.

Nilikuwa na hasira za karibu, na nusura nimrushie ile kamba niliyoisokota. Bibi jirani hakucheka. "Ndoo, mwanangu, keti hapa," akaniita kwa lahaja ya kwao, akanionyesha jani linavyopita juu na chini ya mwenzake. Jioni aliupima ukili wangu kwa kidole gumba, akaufumua, akanirudishia. Kesho yake vilevile. "Mkono ukiyua ndia hauulizi," ndio uliokuwa msemo wake, yaani mkono ukijua njia hauulizi. Nilifumuliwa mpaka nikawa naota miyaa. Mama naye akarudi kutoka kazini na habari kwamba huenda tukahamishwa tena, nami nikazidi kusuka, chai ya tangawizi ikipoa pembeni.

Siku ya kushona, bibi jirani aliuvuta ukili wangu kwa mikono miwili, akautazama, asiufumue. Nilifurahi kupita kiasi. Kisha akauweka ukingoni, nje ya kili nyingine zote. Basi, nikajiambia, mgeni ni mgeni hata mkekani. Machozi yakanitoka, nikamwuliza mbele ya watu kwa nini amenitupa huko.

Akashangaa kwelikweli. "Kati hukaliwa tu, mwanangu. Ukingo ndio uvutwao, ndio ushikao mkeka. Mkono wako umekaza kuliko wa hawa wote. Wataka nikutie wapi?"

Ule mkono ulikazwa na mkonge wa nyanya yangu. Yule aliyenitania kuhusu mbuzi akasogea kunipisha nafasi karibu naye. Mkeka ulipobebwa kwenda nyumba mpya ya bibi harusi nilikuwa mstari wa mbele, nikapiga vigelegele hadi sauti ikanikauka. Haukupita muda tukahamia Kisii, lakini safari hiyo sikulia.

Bibi jirani ametangulia mbele ya haki. Uani pake siku hizi wanatandika mikeka ya plastiki ya dukani, na wasichana wanaojua kusuka ukili ni wa kutafuta. Inaniuma, sitaficha. Lakini yule bibi harusi, ambaye sasa ana wajukuu, nilipofika kwake aliingia ndani akanitolea mkeka wake, akautandika. Kati umechakaa, umetiwa viraka vya kila rangi. Ukingo wangu haujaachia.

Mjukuu wake mdogo alinitazama, akamwuliza nyanya yake, "Huyu ni mgeni wa wapi?"

Bibi harusi aliendelea kumimina chai. "Mgeni ni wewe, uliyezawa yuzi. Huyu ulimkuta."

Nikavua viatu, nikaketi ukingoni, mahali pangu.