Chupa ya Soda Kabla ya Kipimo

Anyesi alikulia Mlali, katika nyumba ambamo njaa iliitwa nzala na kutajwa kama jirani mkorofi: imefika, imekaa, bado haijaondoka. Mwaka wa mvua alikwenda shule na uji wa uwele tumboni. Mwaka wa ukame alikwenda na maji. Siku alipomzaa Loisi aliapa kwamba tumbo la mtoto huyu halitanguruma.

Kiapo akakitimiza. Alizeti na mahindi aliyouza soko la Majengo yalimjengea nyumba Kizota, na Loisi, sasa kidato cha pili, alichukuliwa na basi la shule mlangoni na kurudishwa mlangoni. Jioni chipsi mayai, soda kila mlo. Mlenda haukupikwa tena. Anyesi aliuita chakula cha shida. Mtoto alipojaa mashavu, wauzaji wenzake walimpigia vigelegele: "Mama Loisi, pesa inaonekana!" Naye alicheka kwa raha.

Kisha ikaja barua ya shule. Wanafunzi walipimwa, na sukari ya Loisi ilitia shaka. Apelekwe zahanati asubuhi, akiwa hajatia kitu kinywani tangu jana yake.

Ndani ya bajaji, wakielekea huko, tumbo la Loisi lilinguruma. Mara moja tu. Anyesi akafungua mkoba.

"Kunywa."

"Mama, wameandika nisile."

"Kwani soda ni kula? Ni maji yenye utamu. Au unataka uanguke barabarani, watu waseme nakunyima?"

Loisi akanywa, macho yake nje.

Sasa, pale zahanati, muuguzi Silvano alikitazama kipimo, akakitazama tena.

"Kumi nukta mbili. Na hajala kitu, mama?"

"Hajala," Anyesi alijibu upesi.

"Kwa tumbo tupu, hii si ya kuchezea. Namwandikia aende hospitali kubwa leo hii. Huenda ikawa sindano kila siku."

Kalamu ikaanza kutembea. Loisi alimtazama mama yake, midomo imefungwa. Alilelewa kujua kwamba mzazi haumbuliwi mbele za watu. Kitambaa cha kichwa kilimbana Anyesi kama kamba. Mstari wa kwanza ulikwisha. Wa pili ukaanza.

"Nimemnywesha soda," akasema. "Ni mimi. Yeye alikataa."

Kalamu ikasimama.

"Chupa nzima?"

"Nzima."

Silvano akashusha pumzi. "Mama yangu, nilikuwa namtuma mtoto hospitali kwa uongo wako. Na usifurahi bado. Ugonjwa unaweza kuwepo kweli, ila kwa soda hiyo siwezi kuuona. Kesho asubuhi. Tumbo tupu."

"Tutarudi."

"Nitarudi," Loisi akasema. Sauti yake haikupanda. "Leo naomba nikalale kwa mama mdogo Paulina."

"Kwa nini, mwanangu? Nyumbani kuna nini?"

"Kuna wewe, mama. Tumbo langu likilia, utaamka."

Anyesi alijua angeamka. Alijua hata sufuria ambayo angeishika. Silvano aliinama, akajifanya kutafuta kitu mezani.

"Nenda," Anyesi akasema mwishowe. "Mwambie Paulina asikupe kitu, hata ukilia. Hata nikimpigia simu mimi."