Pengo Alilolitaka Koko

Nilipokuwa mtoto nilikoroma kuliko baba yangu, na jambo hilo liliwachekesha sana wapangaji wa ploti yetu pale Noonkopir. Jirani wa chumba cha pili alikuwa akigonga ukuta na kuuliza kama tumelaza trekta ndani. Mama hakucheka. Alilala nami kitanda kimoja, na yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba mkoromo ule ulikuwa na tabia ya kukatika. Ulikatika kabisa, kifua changu kikawa kinahangaika bila hewa kuingia, naye akanitikisa mpaka nivute pumzi kwa kishindo. Kisha tukaanza upya. Asubuhi alikwenda kushona kwenye kiwanda cha nguo Athi River akiwa na macho mekundu, na wenzake wakadhani ana ugomvi na mumewe.

Huo ulikuwa mwaka uliofuata mvua za El Nino, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza darasa la kwanza. Daktari wa hospitali moja mjini Kajiado alinimulika kooni, akamwambia mama kwamba mafindo yangu mawili yamevimba hadi yanakaribia kugusana. Yalipaswa kutolewa, na mapema, kwa sababu kuna usiku ambao ningetikiswa nisivute pumzi. Tulipewa siku ya kwenda kulazwa. Mama alirudi nyumbani akiimba nyimbo za kanisani.

Wimbo uliisha Koko alipofika kutoka Mashuuru. Koko ndivyo tunavyomwita bibi kwa Kimaasai, na huyu alikuwa mama yake baba: mrefu, mkimya, mwenye macho ya kuhesabu ng'ombe hata pale ambapo hapana ng'ombe. Mama yangu ni Mkamba wa Makueni, na hakujua Kimaa zaidi ya salamu, kwa hiyo wakwe hawa wawili walizungumza Kiswahili ambacho kila mmoja wao alikuwa amekiazima. Koko alilala kwetu siku moja, akanisikiliza, na asubuhi akakubali kwamba mtoto anakabwa na lazima akatwe. Tulidhani mambo yamekwisha. Kumbe yeye alikuwa na shida nyingine kabisa, nayo ilikuwa kinywani mwangu.

Zamani Wamaasai waliwang'oa watoto wao meno mawili ya mbele, yale ya chini. Wako watakaokwambia ni urembo, na kweli pengo lile likikaa vizuri linapendeza. Lakini Koko hakuwa mtu wa urembo. Kwake pengo lilikuwa njia ya kumwokoa mtu. Kuna ugonjwa unaofunga taya, meno yakaumana yasiachane, na mgonjwa asiye na pengo akafa kwa njaa na kiu huku ndugu zake wamemzunguka na maziwa mkononi. Na usingizi wa kuletewa na daktari, kwa imani yake, ulikuwa ndugu wa ugonjwa ule.

"Wakate tu," alimwambia mama jikoni. "Kisu mimi siogopi. Naogopa hiyo usingizi."

"Mama, hakuna mtu anafungwa meno hospitali."

"Wewe umeona wangapi wakilazwa?"

Mama hakuwa ameona hata mmoja. Aliendelea kuchagua mawe kwenye mchele, akiyatupa kwa nguvu kuliko yalivyostahili.

"Toa meno mbili tu, Ng'oto Nashipai," Koko alisema, akimwita mama wa Nashipai, kwa jina langu, kama ilivyo heshima ya kwao. "Ni ya maziwa. Itamea ingine."

"Asitolewe kitu. Huyu mtoto ameteseka ya kutosha."

Baba yangu alikuwa dalali wa mbuzi, mtu anayeweza kukaa kati ya muuzaji na mnunuzi mpaka wote wawili waondoke wakijiona washindi. Nyumbani ujuzi huo ulimwishia. Alitafuta kofia yake, akasema kuna mbuzi wa mtu anaotaka kuwaona, akatoka. Aliporudi alikuwa na neno moja tu: hataweka sahihi ya upasuaji kama mama yake ana kinyongo. Mtu hampeleki mtoto chini ya kisu bila radhi.

"Na usiku akikata pumzi," mama alimwuliza, "mimi nimtikise, ama nimtikisie hizo radhi?"

Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimesikia kila kitu, na hofu iliyoniingia siwezi kuisahau. Mtoto wa darasa la kwanza hajui nani ana haki kati ya mama na bibi. Anachojua ni kwamba wote wawili ni wakubwa na wote wawili hawakosei. Kwa hiyo nilipaswa kupasuliwa, na nikipasuliwa meno yangu yangefungwa kama geti. Nikaanza kufanya lile lililokuwa katika uwezo wangu. Meno yangu mawili ya chini yalikuwa tayari yanalegea, kama ya watoto wote wa umri ule, basi nikawa nayasukuma kwa ulimi: darasani, kanisani, kitandani kabla sijalala. Hapakuwa na mtu wa kuniambia niache, kwa sababu mdomo wangu ulikuwa umefumbwa. Baba alishangaa nilivyogeuka mtoto mpole.

Siku ya kulazwa tulikwenda wote wanne. Baba alikuwa bado hajaweka sahihi, na mama alikuwa bado hajazungumza naye. Wodini sista alinivua ushanga ambao Koko alinitengenezea, akamkabidhi mwenyewe, akanivalisha gauni la kijani lililofungwa mgongoni, kubwa kiasi kwamba nililikanyaga. Akasema nisipewe chochote tangu usiku, hata maji. Koko alikuwa amebeba kibuyu cha maziwa kutoka Mashuuru. Alikitazama, akakitazama kitanda, akakisukuma chini ya kitanda, na mimi nikajua anahesabu hilo nalo.

Asubuhi alikuja daktari wa nusukaputi, yule anayelaza watu usingizi. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sauti ya chini. Aliniuliza jina langu na jina la mwalimu wangu, akasikiliza kifua, kisha akaniambia nifungue mdomo. Alimulika kooni, akaguna. Halafu kidole chake kikagusa meno yangu ya chini, na yale meno, baada ya kazi yote ile ya ulimi, yakalala chali.

"Hizi meno zinacheza sana," alisema. "Hawezi kuingia thieta hivi. Lazima zitoke kwanza."

Mama alisimama. "Zitoke kwa nini?"

"Akishalala nitapitisha mpira hapa mdomoni, ya kumsaidia kupumua. Jino ikilegea hivi inaweza toka, iingie njia ya hewa. Hiyo ni hatari sana, mama. Hata nyinyi hamngetaka."

Koko hakuelewa maneno yote, lakini alikiona kidole mahali kilipo. Akamwuliza baba kwa Kimaa. Baba alitafsiri polepole, akiangalia sakafu, kama mtu anayeogopa kufurahi. Koko akauliza swali, na baba akakohoa kabla ya kulifikisha.

"Anauliza wewe ni mtu wa wapi."

"Mimi ni Mkisii," daktari alijibu.

"Anasema," baba alitafsiri, "mama yako alikulea vizuri."

Daktari alishukuru bila kujua anashukuru nini. Alisema atamwita mtu wa meno, ila itabidi tungoje. Koko alishangaa, kungoja nini? Alionyeshwa bomba, akanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama mtu anayekwenda kumzalisha ng'ombe, sista akampa kitambaa chepesi cha kufungia vidonda, na daktari akasimama karibu. Vidole vile vilikuwa vimefanya kazi hiyo kwa watoto wa nusu ya Mashuuru. Sikuhisi zaidi ya mvuto mmoja, na mwingine. Nililia kidogo kwa ajili ya damu, si kwa ajili ya maumivu. Mama alikuwa ameelekea dirishani, mabega yakimtetemeka, na mimi nilimwonea huruma nikidhani analia. Ilinichukua miaka kuambiwa kwamba alikuwa anacheka.

Koko alinitemea mate kidogo kwenye paji la uso, baraka ya kwao, na sista akawa na staha ya kutazama pembeni. Kisha Koko akamwambia baba neno moja. Baba akachukua kalamu.

Nilisukumwa hadi chumba cha upasuaji nikiwa mwepesi wa moyo kuliko wote waliobaki. Yule daktari alisikia baba yangu ni mtu wa mbuzi, akaniwekea kinyago puani na kuniambia nimtajie rangi za mbuzi ninaowajua. Nakumbuka mweusi. Sidhani nilifika kwa mwekundu.

Yaliyotokea nje sikuyaona. Mama ndiye aliyenisimulia, nikiwa tayari mtu mzima. Baba hakuweza kukaa, alikwenda kuzunguka uwanja wa hospitali. Mama na Koko wakabaki kwenye benchi, na mama, akiwa na wasiwasi na pia akiona haya kwa kushindwa namna ile, alimwuliza kwa nini meno yalimsumbua hivyo. Aliuliza ili kuvunja kimya tu. Koko akamwambia kwamba kabla ya baba yangu alikuwa na mtoto mwingine wa kiume. Mtoto huyo alichomwa mwiba mguuni mwaka wa kiangazi kikali, familia zimetawanyika kutafuta majani, na mwanamke aliyekuwa akiwang'oa watoto meno amehamia mbali na ng'ombe wake. Alikuwa na umri wangu. Pengo lake ilibidi lingojee mvua, kwa sababu wakati huo Koko mwenyewe alikuwa hajajifunza kazi ile. Mwiba ukaleta ule ugonjwa ambao hospitali wanauita pepopunda, na taya zikafunga. Koko alijaribu kumnywesha kwa kijiko, akajaribu kwa kitambaa kilicholowa, maji yakawa yanateremka kidevuni.

"Alikuwa anasikia kiu," alimwambia mama, "na mimi niko na maji."

Mama alikuwa ameolewa katika nyumba ile miaka minane na hakuwahi kulisikia jina la mtoto huyo. Alimsogelea tu Koko pale kwenye benchi, wakakaa bega kwa bega mpaka mlango ulipofunguliwa na wakaambiwa kila kitu kimekwenda vizuri.

Nilirudishwa wodini nikiwa nimelala bado, na hapo mama alipatwa na kiwewe, kwa sababu sikuwa nikikoroma. Alikuwa amezoea kuutegea sikio mkoromo kama mtu anavyotega sikio mlangoni, na sasa palikuwa kimya. Aliruka na kunishika mabega anitikise. Koko akamshika mkono, akauweka mkono huo juu ya kifua changu, akaubana pale.

"Anapumua," alisema. "Wacha alale."

Kifua kilikuwa kikipanda na kushuka, taratibu, mdomo umefumbwa. Mama anasema hakuwahi kuniona nimelala mdomo umefumbwa tangu niache kunyonya. Alikaa akitazama jambo hilo la kawaida kabisa mchana wote, na machozi yakimtoka, safari hii ya kweli.

Nilipoamka koo lilikuwa linawaka, na taya zimekaza na kuuma, kama huwa baada ya mdomo kufunguliwa muda mrefu. Niliweza kuufungua, ila kidogo, na kwa maumivu. Nilitaka maji. Sista alisema sasa ruhusa, baridi, kidogo kidogo. Mama alikuwa ameshika kikombe na kijiko tayari, ameinama juu yangu. Hilo nalikumbuka mwenyewe, wala sikuambiwa: alisimama wima tena, akageuka, akamkabidhi Koko vile vyombo.

"Mpe wewe, Mama."

Koko hakuniambia nifungue mdomo. Alileta ncha ya kijiko mbele ya meno, mahali palipokuwa wazi, akakiinamisha. Maji yakaingia. Aliyatazama yakiingia, akachota tena, na tena, mpaka sista akamwambia yanatosha, na hata hapo alibaki ameshika kijiko.

Meno yangu ya ukubwani yaliota, yapo hadi leo, na hakuna aliyeyagusa. Kila nilipokwenda Mashuuru wakati wa likizo Koko alinifungua mdomo, akayakagua kama ya ng'ombe wa kununua, akasema ni mazuri. Hakudai pengo tena. Yeye na mama waligombana kuhusu mambo mengine mengi, lakini hawakugombana tena kuhusu mimi.

Najua sasa kwamba nusukaputi haifungi taya, na kwamba siku ile ningekunywa maji hata kama meno yangu yote yangekuwa mahali pake. Watu wakinisikia nikisimulia huniuliza kama basi Koko alikosea, nami huona swali hilo halina maana. Mama yangu aliogopa kimya cha usiku, Koko aliogopa mdomo uliofungwa, na wote wawili waliogopa kwa sababu ya mtoto. Mimi nilipona. Na Koko, aliyengoja miaka yote ile, alimpa mtoto maji na mtoto akanywa.