Mluzi wa Getini

Nilimchukia ndege yule, na sioni haya kusema. Wengine wangemsifu. Kifua chake kina rangi ya papai lililoiva, mgongo wa kijivu, kichwa cheusi, na juu ya jicho mstari mweupe kana kwamba amechorwa nyusi. Anaishi chinichini, kwenye kichaka kizito kando ya kijito kinachopita nyuma ya boma letu hapa Nyeri, akipekua majani makavu kutafuta wadudu huku mkia ukichezacheza. Kumwona ni kazi. Kumsikia, lo! Anaiga kila kitu: ndege wenzake, mbwa wa jirani, na mluzi wa marehemu baba.

Kila jioni baba alikuwa akirudi kutoka kupeleka maziwa, mikono yote miwili imeshika mikebe, kwa hivyo hakugonga geti. Alipiga mluzi mara tatu, wa mwisho ukipanda juu, na mama akatoka mbio kumfungulia. Tulimzika mwaka juzi. Ndege hakuambiwa.

Mama siku hizi anasahau. Ananiita kwa jina la dada yake, anadai chai ambayo ametoka tu kuinywa. Niliacha kazi yangu kule Sagana nije kumtunza. Lakini mluzi ukilia jioni, hapo hasahau kitu: anainuka, anajifunga kitambaa kichwani, anachukua ufunguo.

"Mami, huyo ni ndege tu," nilimwambia mara ngapi sijui. Ananitazama kama mtoto mjinga, anaenda zake.

Mwezi uliopita nilikuwa jikoni nikiponda mukimo wa viazi na mahindi. Kutoka nje, geti liko wazi. Jirani alimpata kule kijitoni, viatu vimenasa kwenye matope, anatetemeka kwa baridi. Nilimwosha miguu huku nikilia kwa hasira na woga. Je, siku nyingine nikimpata amezama? Asubuhi yake nilishika panga nikakifyeka kichaka chote, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Ndege aliruka akavuka ng'ambo na hakurudi.

Jioni ikaingia kimya. Mama alikaa kitini, ufunguo mapajani.

"Umemfukuza," akasema.

"Nani, Mami?"

"Yule ndege, nani mwingine? Ati unafikiri sijui baba yako alikufa? Si mimi nilimzika? Nilikuwa naenda kumsikiliza tu."

Nikaenda kufunga kuku.

Tangu siku hiyo haondoki kitini. Hata chai haombi. Jana roho ilinishinda: nilitoka, nikasimama nje ya geti, nikakaza midomo. Ikatoka pumzi tupu. Nikajaribu tena, na tena. Utotoni nilijaribu kupiga mluzi mara moja tu, nikazabwa kofi, nikaambiwa msichana hapigi mluzi.

Aliyenizaba lile kofi ni mama.