Mafuta ya Krismasi Kwenye Difu

Calist wa Nduguti alikuwa na sheria moja kuhusu pikapu yake: difu haiguswi na mtu mwingine. Injini aliwaachia mafundi, breki aliwaachia mafundi, lakini lile bonge la chuma katikati ya magurudumu ya nyuma, lenye meno ya kuyazungusha, alilibadilisha oili mwenyewe kila mwaka kabla ya mavuno ya alizeti. Ubishi huo ndio uliomponza.

Alikuwa amekwisha kumwaga oili chakavu, hajatia mpya, ngiri ikambana palepale uvunguni. Mdogo wake Abraham akamkimbiza hospitali Singida kwa gari la jirani. Akisubiri kupasuliwa, kilichomnyima raha si kisu bali ile difu tupu. Atakayewasha gari na kuondoka angesaga meno yote, na pikapu ile ndiyo iliyowalisha miaka kumi na tisa. Akampigia mkewe, Elina.

"Mama Pendo, difu haina kitu. Itie mafuta kwenye tundu la juu mpaka yamwagike, halafu ufunge nati."

Muuguzi akaichukua simu.

Wiki moja baadaye Abraham alimfuata kwa pikapu ileile. Njia nzima difu ilivuma kidogo, na Calist akawa anayaombea meno yasiyo na mdomo. Walipofika akazificha funguo. Daktari alimkataza kuinama kwa wiki sita; akavumilia tano.

Asubuhi moja akaingia uvunguni na beseni. Alifungua kwanza nati ya kujazia, kama afanyavyo kila aliyewahi kumwaga oili yote ndipo akagundua nati ya juu haifunguki. Kisha ya chini. Kilichotoka kilikuwa cha manjano, kinang'aa, kinanukia chapati.

"Mama Pendo! Ulitia nini humu?"

"Mafuta."

"Mafuta gani?"

"Kwani Singida hii kuna mafuta mangapi, Baba Pendo? Ya alizeti."

Calist alitaka kufoka. Dumu la oili lilikuwa stoo, limeegemea tairi la akiba! Lakini maneno yalimrudia: mafuta, alisema, kwa mdomo wake. Mdomo huponza kichwa. Safari hii uliponza difu. Akaigeuza nati ya chini, akafuta kwa kidole sumaku yake inayonasa chembe za chuma, akasugua taratibu. Ulikuwa ute wa kijivu, laini kama uji wa mtoto. Hakuna kipande cha chuma hata kimoja. Meno yalikuwa mazima.

Akashusha pumzi. "Yale ya dumu la jikoni?"

"Yale ya jikoni yalikuwa na machicha," Elina akajibu, amechuchumaa kando ya tairi. "Nilitia ya Krismasi. Yale niliyoyachuja mara mbili."

"Yote?"

"Si ulisema mpaka yamwagike? Nililala hapo ulipolala wewe, nikamimina kwa chupa. Nikasema, gari hili likifa, nani atakurudisha nyumbani?"

Oili mpya ilikuwa tayari, na Elina akampa spana mkononi. Calist akabaki chini ya gari kitambo kirefu, akisingizia kwamba nati imekaza.