Mwalimu wa Kwaya Aliyehamia Kiti cha Nyuma

Wiki jana jirani wa zamani alinisimamisha karibu na soko la Gikomba, akanishika mkono na kuniambia, "Mwalimu wetu wa kwaya ametuacha. Alilala vizuri tu, asubuhi hakuamka." Nilijikuta nikitabasamu, jambo ambalo si adabu kwa mtu anayepewa tanzia. Lakini marehemu huyu hakumbukwi kwa uso uliokunjamana. Nilimpenda sana. Nilimwimbia besi, sauti nzito ya wanaume, katika kanisa letu dogo la mtaa wa Jericho, Nairobi, miaka ya sabini.

Alikuwa karani kutoka Ukambani, mtu wa tai hata Jumamosi. Nyimbo alitufundisha kwa do-re-mi, chaki mkononi, na ole wako upinde noti moja! Ngoma hakutaka kuisikia. Kwake ngoma ilikuwa ya ulevi, nasi watu wazima wenzake tukaitikia amina. Siku moja vijana wakaja mazoezini na ngoma waliyotengenezewa na mafundi wa Gikomba, pamoja na kayamba. Akawaamuru watoe takataka hizo nje. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno, lakini siku ile wazee ndio tuliokaribia kuliharibu. Msichana mmoja, fundi cherehani aliyeongoza sauti ya kwanza, akasimama.

"Mwalimu, heshima yako iko palepale. Lakini ukitukataza hapa, tutaenda kuimba kwingine. Hatutaki kwenda, lakini tutaenda."

Vijana ndio waliokuwa uti wa mgongo wa kwaya hiyo, na kwaya ndiyo iliyokuwa fahari ya maisha yake. Nilijua hasira zake, nikangoja radi. Akaiweka chaki chini polepole. "Haya, imbeni. Mimi nitakaa nyuma nisikize. Nikinyamaza msifikiri nimekubali."

Akakaa nyuma Jumamosi baada ya Jumamosi. Baadaye alinieleza kwamba mwanzoni hakusikia kitu. "Mdomo nilikuwa nimefunga, lakini ndani nilikuwa nasahihisha tu. Hiyo si kusikiza, bwana." Kisha siku moja akaamua kuacha kusahihisha, asikize kama mgeni aliyepita njia akavutwa na wimbo. Ndipo aliposikia kitu ambacho hakukitarajia. Sisi wa besi, tulioburuta kila wimbo kama mkokoteni wenye gurudumu bovu, tulikuwa tunakwenda sawa na wenzetu. Ngoma ilikuwa imetushika mkono.

Alikuja mbele, akatutazama sisi wanaume wa besi. "Nimewagombeza bure miaka hii yote. Hamkuwa wavivu. Mlikuwa mnatafuta pa kukanyaga." Halafu akamgeukia yule fundi cherehani. "Mama, nifundishe hiyo kayamba."

Kayamba kwetu ilikuwa kazi ya akina mama, kwa hivyo tulicheka hadi machozi. Naye alikuwa mbaya kupindukia! Alitikisa alipotakiwa kutulia, akatulia alipotakiwa kutikisa, mbele ya waumini wote, na tai yake shingoni. Msichana alimgonga kwa kiwiko kila alipokosea, naye akacheka kuliko sisi. Hakuwahi kuijua vizuri, na wala hakuiacha. Ninaamini miaka hiyo ndiyo iliyokuwa ya furaha kuliko yote aliyoishi Nairobi.

Niliwahi kumuuliza kama hakuona aibu kufundishwa na watoto aliowafundisha mwenyewe.

"Aibu gani? Ningebaki na wimbo sahihi na viti vitupu."

Siku hizi rika langu tukikutana ni kulaumu vijana tu, lugha yao, nywele zao, muziki wao. Nami nalaumu vilevile, tena kwa sauti kubwa. Lakini tangu nipate habari hii najaribu jambo moja, nami nakuachia msomaji ulijaribu nyumbani kwako. Leo jioni mwanao ataanza kukueleza kitu, na kabla hajafika katikati utakuwa na jibu mdomoni. Limeze. Msikize mpaka amalize.