Kabichi Zilizochanua

Mitsuyo Hatanaka hakuweza kupita kitu asichokijua bila kukiulizia. Mumewe alikuwa akimtania kwamba akienda hospitali, daktari ndiye anayetoka amechoka. Tuliishi jengo moja pembezoni mwa Tokyo, mimi ghorofa ya juu yake. Mwaka ule wa 1976, kina mama thelathini wa pale tulikuwa tumepatana na mkulima mmoja, Kurosaki: yeye alime bila dawa, sisi tule chochote kitakachotoka shambani.

Wakati wa baridi tulishiba figili nene na kabichi. Kisha Jumatano moja ya Aprili, Kurosaki akashusha makreti chini ya ngazi, nasi tukainama kutazama. Vikonyo vyembamba, majani machache, na maua ya njano.

"Haya ni ya kula au ya kupeleka makaburini?" akauliza Bi Ozeki, ambaye ulimi wake haukujua likizo.

Kurosaki, mtu wa haya, aliinamisha kichwa, akaomba radhi, akaondoka. Mitsuyo akachuma ua moja, akalitafuna.

"Tamu kidogo, halafu ukali unakuja nyuma. Lakini mbona sokoni kabichi zimejaa, kwake hakuna?"

"Si ukamuulize!" Bi Ozeki akamkejeli.

Kesho yake Mitsuyo akapanda treni, akaenda kweli. Kurosaki hakuwepo. Alimkuta mama yake, Bibi Tome, amesimama katikati ya maua yaliyomfika kifuani.

"Samahani, bibi. Haya maua ni ya mmea gani?"

"Hiyo ndiyo kabichi uliyokula Januari."

"Ile iliyojifunga ngumu?"

"Ile ile. Imevumilia baridi, sasa imeona jua, inataka watoto. Utaizuiaje? Wewe ulizuilika?"

Mitsuyo alicheka mpaka akashika magoti. Bibi akamwonyesha miche mipya, midogo kama kucha. Mboga za baridi zimekwisha, za joto hazijawa tayari. Zile za sokoni zilitoka mbali kusini.

"Sasa nyinyi mnakula nini?"

Bibi akafungua chakula chake cha mchana: wali, na vikonyo vile vile, vimechanganywa na haradali na sosi ya soya. "Chuma kabla ua halijafunguka. Chemsha ukihesabu mpaka ishirini, kisha maji baridi."

"Kwa nini ishirini?"

"Mama wee! Ulizaliwa na swali mdomoni?"

Jumatano iliyofuata Mitsuyo alishuka na bakuli. "Onjeni kwanza, matusi baadaye."

Bi Ozeki akaonja. "Chungu," akasema, kisha akachota tena. Hata hivyo familia mbili zilijitoa, na hatukuzilaumu. Sisi wengine tulikula maua wiki tano, mpaka njegere zikaja Mei.

Mitsuyo hakutosheka. Alitaka kujua ua likiachwa huwa nini, na Juni tulikwenda pamoja. Bibi Tome alikuwa ametandika mabua makavu ya kabichi zile juu ya turubai. Akampa Mitsuyo fimbo. Alipopiga, mbegu nyeusi zikaruka zikamwingia hadi kwenye nywele. Akabandika moja kwenye ncha ya kidole.

"Bibi, hii inajuaje kwamba ni kabichi, si figili?"

Bibi akaacha kupepeta. "Miaka sitini nalima, sijawahi kujiuliza hilo." Akaketi kando yake, nao wakaitazama ile mbegu.

Tangu siku ile, kwa miaka kumi na moja, ukimtafuta Mitsuyo Alhamisi, yuko shambani.