Timu ya Mchezaji Mmoja

Nakumbuka Jumamosi moja ya baridi kali, mwanangu, tumekaa katika chumba cha wapangaji pale Hallonbergen, huku huku kwa Waswidi, chai ya tangawizi mezani, tukichagua wachezaji wa hoki ya barafuni. Wewe leo unachagua kwa simu. Sisi tulichagua kwa mdomo na kalamu, lakini mchezo ni uleule: kila mtu anajiundia timu yake ya kubuni kwa majina ya wachezaji wa kweli wa ligi, na mchezaji wako akifunga goli au akitoa pasi ya goli, wewe unapata alama. Mwisho wa msimu mwenye alama nyingi anatamba mpaka kiangazi.

Usidhani tulikuwa mabingwa. Mimi nilitoka Moshi kuja kusomea uuguzi, na barafu niliyoijua ilikuwa ile ya kileleni, ya kutazamwa kwa mbali. Bahati, mtu wa Bukavu, alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege, kila alfajiri yumo kwenye treni ya Märsta. Wenzake wa kazini walimfundisha mchezo huu, naye akatufundisha sisi. Alikuwa na roho nzuri, Bahati. Nakuambia mapema ili usije ukamhukumu nikifika mbele.

Mwanzoni mwa msimu ule jina tulilolitaka wote lilikuwa moja: Eliya. Alikuwa mtoto wa mjane mmoja Mrundi aliyekaa mtaa wa Rissne na kufanya kazi ya usafi shuleni. Sisi sote tulimwita Mama Eliya. Kijana aliingia nchi hii akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia kwenye barafu, na sasa alikuwa amepandishwa timu ya wakubwa. Mtoto wetu! Anatuamkia shikamoo, kisha anageuka kumjibu mama yake kwa Kiswidi. Tulimgombania mpaka tukapiga kura, na kura ikamwangukia Bahati. Akaruka juu.

"Huyu mutoto atanibeba mpaka kule juu! Mutaona!"

Mchagua nazi, walisema wazee, hupata koroma. Eliya alifunga mwanzoni, kisha akakauka. Mechi zikapita, hakuna goli, hakuna pasi. Sisi tuliona sifuri kwenye karatasi, hatukutazama zaidi ya hapo. Bahati akaporomoka mpaka mkiani, na kule kazini wakawa wanamtania kwamba amechagua kwa undugu, si kwa akili. Utani ukizidi huwa mwiba. Siku moja baada ya mechi nyingine kavu, Bahati alimwandikia kijana ujumbe wa simu. Namba alikuwa nayo, maana walikuwa wakisalimiana kama kaka na mdogo wake. Alimwandikia kwamba amewaaibisha watu wake, na kwamba bora ashike ufagio akamsaidie mama yake.

Maji yakimwagika, mwanangu, hayazoleki.

Hatukujua kwamba Eliya alikuwa akicheza na goti bovu, akilificha asije akapoteza nafasi. Mechi iliyofuata alijitupa mahali ambapo hata mwenye goti zima angesita. Akagongwa, akaanguka, akashindwa kuinuka. Walimtoa kwa machela. Hospitalini mama yake alimwuliza, akamwuliza tena, kwa nini alicheza namna ile. Mwishowe kijana alimpa simu asome mwenyewe.

Basi Jumamosi ile ninayokusimulia ilikuwa siku ya kubadilisha wachezaji, maana sheria ilituruhusu katikati ya msimu. Bahati ndiye aliyeanza.

"Mimi ninamuacha Eliya. Ameumia, hatanisaidia tena."

Hata kalamu hajaishusha, mlango ukafunguliwa, akaingia Mama Eliya na koti lake la kazini. Tukasimama, tukamwamkia, tukampa pole. Akaitikia, akaketi, akapokea chai.

"Nasikia munachagua," akasema. "Na mimi naweza kuchagua?"

"Karibu, mama," alisema Bahati, macho chini. "Unamutaka nani?"

"Namutaka Eliya."

Otieno wa Kisumu, mmoja wetu, ambaye hakujua habari za ujumbe ule, akajaribu kumwelewesha kwa upole.

"Mama, pole sana, lakini huyo hachezi tena msimu huu. Hatakuletea alama hata moja."

"Najua, baba."

"Na wengine je? Timu inataka kipa, inataka mabeki..."

"Wengine siwajui. Wako na mama zao."

Kisha akamgeukia Bahati. Hakupaza sauti. Ningependa angepaza, maana sauti ile ya chini ilikuwa nzito kuliko kelele.

"Bahati, mwana wangu, kumuacha sikulaumu. Mchezo ni mchezo. Lakini siku ile ulipoandika, ulimuandikia nani? Yule wa kwenye karatasi hana simu. Aliyesoma ni huyu niliyemuzaa mimi."

Bahati akajifunika uso. "Mama, unisamehe. Nilikuwa na hasira."

"Si mimi niliyeandikiwa."

Akamaliza chai yake taratibu, akatushukuru, akatoka. Bahati akanyakua koti akamfuata, na siku ile hatukuchagua tena.

Yaliyotokea Rissne Bahati alinisimulia mwenyewe baadaye. Alimkuta Eliya kwenye kochi, mguu umenyooshwa. Akamwomba radhi. Kijana akajibu kwa Kiswidi, "Det är lugnt," yaani hakuna neno, lakini hakumtazama. Bahati hakuondoka. Akarudi kesho yake, akarudi na wiki iliyofuata, na majira yote yale ya baridi akawa anampeleka kwenye mazoezi ya kunyoosha goti, wakati mwingine njia nzima bila kuongea. Goti lilipona la kutembelea. La ligi kubwa halikupona. Madaktari walisema goti lile lingeharibika tu, ujumbe uwepo usiwepo. Labda. Bahati hakuwahi kuwa na hakika, na mzigo huo hakuna wa kumtua.

Leo Eliya ni baba wa watoto, anafundisha wadogo kuteleza kwenye barafu, na Bahati alikaa meza ya mbele katika harusi yake. Mwaka jana nilimwuliza Eliya kama yale yamekwisha.

"Dada, nilimsamehe zamani. Kusahau ndiko sijaweza."

Sasa nikuambie kwa nini nimekuita. Juzi nilikusikia ukishangilia kwamba kipa wa mwenzako kateguka bega, eti sasa utampita kwa alama. Niliondoka tu, lakini mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Chagua wachezaji wako, mwanangu, furahi nao, waache wasipokufaa. Hilo si dhambi. Ila usifurahie kuumia kwa mtu, na usimtumie mtu usiyemwona neno ambalo usingelisema mama yake akiwa ameketi mbele yako. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na kila jina lina mzazi wake. Ukishakosea, usitume salamu za pole tu. Nenda kwa miguu yako, ukae, hata kama hutazamwi.

Mungu akuzidishie furaha katika michezo yako. Akutulize vidole hasira inapopanda, akupe moyo wa kuwahi kwa aliyeanguka, na akukuze katika nchi hii ya baridi uwe mtu ambaye watu huota moto kwake. Amina.